Macho ya bibi ni mekundu kwa moshi

Ndugu msomaji, somo letu la afya leo ni juu ya wazee wetu. Somo hili halihusu dawa peke yake. Linahusu jiko la mzee, mlango wake, choo chake, na njia ya kutoka kwake mpaka kwa jirani. Linahusu pia fedha kidogo ambazo kitongoji kinaweza kuomba au kuchanga, na namna ya kuzitumia ili mzee akae kwa amani.

Labda utauliza: mlango na jiko vinamhusu nini mganga msaidizi wa zahanati? Vinamhusu sana. Zahanati hupokea wazee wenye macho yanayowasha, wenye kikohozi kisichokwisha, na wengine wameletwa na machela kwa sababu wameanguka. Tunawapa dawa. Kisha wanarudi kwenye jiko lile lile lenye moshi na njia ile ile yenye utelezi. Baada ya mwezi mmoja wako tena kwenye benchi letu. Dawa ya ugonjwa wa namna hiyo haimo kwenye kabati la zahanati. Iko nyumbani kwa mzee.

Tena kuna jambo zito zaidi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Ushahidi uliotolewa dhidi yao mara nyingi ni macho mekundu. Kwa hiyo tuanze na macho.

MACHO MEKUNDU YANATOKA WAPI?

Chukua daftari lako na kalamu, tufanye hesabu. Bibi alianza kupika akiwa msichana wa miaka 10. Sasa ana miaka 70. Amepika kwa miaka 60. Tuseme kila siku alikaa mbele ya mafiga kwa saa 3. Maharage peke yake yanaweza kumaliza saa hizo. Saa 3 mara siku 365 ni saa 1,095 kwa mwaka mmoja. Zidisha kwa miaka 60. Utapata saa 65,700.

Saa elfu sitini na tano na mia saba macho yamekaa ndani ya moshi! Jicho la nani lisingekuwa jekundu?

Moshi wa kuni una vitu vikali vinavyochoma ngozi laini inayofunika jicho. Jicho likichomwa, mishipa midogo ya damu hujaa na kuonekana. Machozi hutoka. Mtu hujisugua kwa mkono au kwa ncha ya khanga, na kusugua huongeza wekundu. Kwa mzee kuna jambo jingine. Machozi yake yamepungua kwa sababu ya umri, kwa hiyo jicho lake ni kavu na halijisafishi vizuri kama jicho la kijana. Mahali ambapo miti imekwisha watu hupikia mabua au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake unakera kuliko wa kuni nzuri. Sisi wa Ngara tunakumbuka kwamba baada ya wakimbizi wengi kuingia mwaka 1994 kwa daraja la Rusumo, miti ya upande wa Benaco ilikatwa sana kwa kuni. Kuni zikiwa mbali, mzee ambaye hawezi kutembea hupikia chochote anachookota karibu, hata kijiti kibichi. Kijiti kibichi kina moshi mwingi.

Ziko sababu nyingine za macho mekundu. Kuna trakoma, yaani ugonjwa wa vikope, unaoenezwa na nzi, mikono michafu na kitambaa kimoja kinachofutia macho ya watu wengi. Trakoma ikikaa miaka mingi kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho. Hutibiwa kwa dawa, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Kuna vumbi. Kuna nyama inayoota juu ya weupe wa jicho. Yote hayo ni magonjwa au madhara ya kazi. Hakuna hata moja linaloonyesha moyo wa mtu.

Neno la haraka kabla hatujaendelea. Kama jicho la mzee limekuwa jekundu ghafla, linauma sana, kichwa kinauma, anatapika, na haoni vizuri, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni presha ya macho, nayo inaweza kupofusha kwa muda mfupi. Wala usitie ndani ya jicho maji ya majani, mkojo, au dawa iliyobaki ya mtu mwingine.

MZEE ANAYETEMBEA USIKU

Watu husema pia: "Bibi yule huzunguka usiku na kuongea peke yake." Wanasema hivyo kwa sauti ya chini, na kila asikiaye huongeza chumvi.

Ndugu msomaji, upo ugonjwa wa ubongo unaowapata baadhi ya watu uzeeni. Ubongo hupoteza nguvu polepole. Mzee husahau jina la mjukuu wake. Huuliza swali moja mara kumi. Huamka usiku akidhani kumekucha, akachukua jembe na kutoka. Anaweza kuongea na mume wake aliyefariki zamani kana kwamba amekaa mbele yake. Anaweza kufika uani kwa jirani na kusimama hapo, kwa sababu hajui amefikaje. Jirani akifungua mlango na kumwona mtu amesimama gizani, hofu humshika. Asubuhi maneno yamekwisha fika kisimani.

Ugonjwa huo huja taratibu, kwa miezi na miaka. Lakini kama mzee alikuwa na akili timamu juzi na leo ameanza kuchanganyikiwa, mlete zahanati upesi. Kwa wazee malaria, homa ya mapafu, ugonjwa wa njia ya mkojo, au hata kukosa maji ya kunywa, huweza kuvuruga akili kwa siku chache. Hayo yanatibika. Nasikitika kusema kwamba baadhi ya familia huanza kwa mpiga ramli na kuja kwetu baadaye. Mpiga ramli lazima ataje mtu, maana ndiyo biashara yake. Mwezi Januari mwaka 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku kazi ya wapiga ramli kwa sababu ya damu iliyomwagika, hasa damu ya ndugu zetu wenye ualbino.

MAGU WALIFANYA NINI?

Sasa tutazame wenzetu. Ukitoka Mwanza mjini kwa njia ya Musoma unafika Magu. Huko vifo vya akina mama wazee vilikuwa vimewachosha watu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la wenyeji liitwalo MAPERECE lilianza kufanya kazi huko likisaidiwa na HelpAge International, shirika linaloshughulikia wazee katika nchi nyingi. Waliwakutanisha wazee, vijana, sungusungu, viongozi wa vijiji na waganga wa jadi. Walitumia ngoma na michezo ya kuigiza, maana neno likiimbwa hukaa kichwani.

Lakini hawakuishia kwenye maneno. Walitengeneza nyumba za akina mama wazee wanaokaa peke yao, na walijenga majiko yanayotumia kuni chache na kutoa moshi kidogo. Tazama akili iliyomo humo. Jiko lilijengwa kwa ajili ya afya ya macho na mapafu. Wakati huo huo jiko lilimwonyesha kila mpita njia kwamba wekundu ule ulitoka motoni. Nyumba ilitengenezwa ili mvua isiingie. Wakati huo huo mlango mzuri ulimzuia mtu mbaya, na vijana waliokuja kuchanganya udongo walikaa na bibi siku nzima wakala naye. Ni vigumu kumwogopa mtu ambaye umemjengea nyumba.

Biharamulo tunaishi na Wasukuma wengi, Wasubi, Wazinza na wengine. Ngara wako Wahangaza na Washubi. Kila kabila lina maneno yake juu ya wazee, mazuri na mabaya. Tusiseme kwamba jambo hili ni la Magu tu.

JIKO BANIFU LA UDONGO

Jiko hili halihitaji fundi wa mjini. Vitu vyake viko kwetu.

Chukua udongo wa kichuguu, ndoo 3. Uponde mpaka uwe laini na utoe mawe. Tia nyasi kavu zilizokatwakatwa vizuri, ndoo 1. Mimina maji kidogo kidogo ukikanyaga kwa miguu, kama watu wanaotengeneza matofali. Rudia mpaka upate udongo wa kutosha. Funika kwa majani ya mgomba na uuache kwa siku kadhaa, ukiukanyaga tena kila siku.

Chagua mahali karibu na ukuta, mbali na mlango unaoleta upepo. Kata vipande vya shina la mgomba. Kimoja kilaze pale utakapokuwa mlango wa kuni. Kingine kisimamishe chini ya mahali pa sufuria ya kwanza. Kingine kielekee sufuria ya pili, na cha mwisho kielekee tundu la kutolea moshi ukutani. Sasa jaza udongo kuzunguka vipande hivyo na uupige ukaze. Weka sufuria za bibi mwenyewe juu, uzizungushe ili zipate nafasi zinapokaa sawasawa. Ndiyo maana jiko la bibi lipimwe kwa sufuria za bibi, si kwa za mama mwenyekiti. Udongo ukianza kukaza, vuta vile vipande vya mgomba. Njia za moto na moshi zitabaki wazi.

Liache likauke kwa wiki 2 au 3. Ukiwasha moto mkubwa mapema litapasuka. Nyufa ndogo zizibwe kwa udongo ule ule.

Jambo la hatari ni paa la nyasi. Usipitishe moshi juu kwenye nyasi. Upitishe ukutani, na dohani ya nje ijengwe kwa matofali na udongo, ikae mbali na nyasi za paa. Kama hilo haliwezekani, afadhali jiko lijengwe katika kibanda cha pembeni. Jiko lisilo na dohani nalo lina faida kwa sababu linakula kuni chache, lakini basi fungua dirisha. Dirisha la inchi chache tu juu ya ukuta wa jikoni, pande mbili zinazotazamana, hupunguza moshi sana. Na kuni zikauke. Kijana akipasua mzigo wa kuni na kuuweka chini ya upenu wa bibi mwezi Agosti, bibi atakuwa na kuni kavu masika yakianza.

NJIA YA CHOO

Ngara ni nchi ya milima. Udongo wetu ukilowa ni kama sabuni. Kijana huteleza akacheka. Mzee huteleza akavunjika nyonga.

Mifupa ya mzee, hasa ya mama, imepungua ugumu. Akianguka ubavu, mfupa wa paja huweza kuvunjika karibu na nyonga. Utamwona hawezi kusimama, na mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje. Usimkande wala usimvute mguu. Mfunge miguu yote miwili pamoja kwa khanga, weka kitu laini katikati, mlaze juu ya machela au mlango uliong'olewa, umpeleke hospitali. Kwetu ni Murgwanza au Rulenge; Biharamulo iko hospitali ya wilaya. Mzee aliyelazwa chini wiki nyingi hupata vidonda vya mgongo na ugonjwa wa mapafu. Wengi hawaamki tena. Ndiyo maana njia ya choo ni jambo la uhai.

Nenda leo kwa mzee wa karibu nawe. Tembea kutoka kitandani kwake mpaka chooni, polepole kama yeye. Fanya hivyo saa 2 usiku bila tochi. Utajifunza kuliko semina ya siku tatu. Utagonga kizingiti. Utakanyaga nyasi zilizotandazwa kwenye migomba, na chini ya nyasi kuna jiwe au gogo ambalo hukuliona. Utafika chooni, uchuchumae, halafu ujaribu kusimama bila kushika kitu. Hapo ndipo wazee wengi wanapoanguka.

Matengenezo yake ni rahisi. Nguzo mbili za mkaratusi zilizochimbiwa imara, moja kila upande wa tundu, mzee azishike anapoinuka. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikae juu ya tundu la choo, ili mwenye magoti mabovu asichuchumae. Njia ipanuliwe, itolewe nyasi na mawe, imwagwe changarawe. Penye mteremko zichongwe ngazi fupi na kukingwa kwa magogo, na pembeni iwekwe fito ya kushikia. Taa ndogo ya jua itundikwe mlangoni. Kwa mzee dhaifu sana ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba si aibu wakati wa usiku.

MBUZI NITAMFUKUZA KWA MIGUU IPI?

Nilikwenda kumtazama bibi mmoja ambaye anaishi na wajukuu wawili. Tulisalimiana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na sindano?"

"Leo sina sindano, bibi. Nimekuja kukuuliza. Kitongoji kikipata fedha kidogo kwa ajili yako, ufanyiwe nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Komeo."

"Komeo la mlango?"

"Komeo la upande wa ndani. Usiku nasukuma kinu mlangoni. Kinu kizito, mjukuu wangu, na asubuhi siwezi kukitoa mpaka mtoto aamke. Hao wenzako walitaka kuniletea mbuzi. Mbuzi nitamfukuza kwa miguu ipi?"

Sina la kuongeza juu ya mbuzi. Lakini nataka uone jambo hili. Mradi ulikuwa umekwisha panga mbuzi kabla ya kumwuliza mwenye kufuga. Mbuzi kwa mama wa miaka 40 ni mali. Kwa mzee asiyeona ni mzigo. Komeo, bawaba na mbao ni vitu vidogo mno, na vingempa bibi usingizi.

Si wazee wa kwetu tu wanaoshinda wataalamu kwa kusema mambo madogo ya maana. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutengeneza miji inayowafaa wazee. Kabla ya kuuandika waliwauliza wazee wa miji 33, na Nairobi ulikuwa mmoja wao. Wazee wale walitaja viti vya kupumzikia njiani, vyoo vilivyo karibu na safi, na mahali pa kuvukia barabara bila kukimbizwa na magari. Kwetu lami ni ya barabara kuu tu, lakini benchi la gogo chini ya mti, katikati ya mlima unaokwenda zahanati, ni jambo lile lile. Na wanaokaa Rusumo, Benaco, Lusahunga na Nyakanazi, ambako malori hupita usiku na mchana, hapo pa kuvukia pawahusu sana.

FEDHA MKONONI MWA MZEE

Hapa kwetu Kagera uko mfano mwingine ambao haukuanza na majiko wala milango. Ulianza na fedha taslimu.

Mnakumbuka historia yetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata vijana wengi wenye nguvu walikufa. Wakabaki watoto na babu na bibi zao. Bibi ambaye alitegemea kutunzwa akaanza upya kulea, kulima na kutafuta sare za shule.

Mwaka 2003, huko Nshamba wilayani Muleba, ulianzishwa mradi uitwao Kwa Wazee. Ulitoa posho ndogo ya kila mwezi kwa wazee maskini, na nyongeza kwa wale wanaolea wajukuu. Haukumwambia bibi anunue nini. Watu wengi walitia shaka. Walisema wazee watapoteza fedha, au watanywa rubisi. Baadaye matokeo yalichunguzwa na ripoti ikatoka mwaka 2008. Jina la ripoti hiyo lilitaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Basi, hayo ndiyo mambo ambayo bibi na babu walikuwa wamekosa.

Fikiri juu ya sabuni kama mganga anavyofikiri. Mzee anayenuka hukwepwa. Hakaribishwi msibani wala kwenye kikao. Asiyekaa na watu husemwa na watu. Kipande cha sabuni kinamrudisha mzee kwenye benchi pamoja na wenzake. Mradi ule uliwasaidia pia wazee kuunda vikundi vya majirani vya kusaidiana, ili mmoja akiugua mwingine apate habari.

Zanzibar walikwenda mbele. Mwezi Aprili mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kiwango kikapandishwa baadaye. Huku bara kaya maskini zimesaidiwa kwa njia ya TASAF, na katika kaya hizo wazee ni wengi. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri imegawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mzee hakutengewa fungu lake. Maoni yangu ni kwamba hilo lingefaa kujadiliwa.

KITONGOJI KIANZE VIPI?

Tuseme fedha zimepatikana. Labda ni mchango wa kanisa au msikiti, labda shirika, labda watoto wenu walioko Mwanza na Dar es Salaam wamechanga. Hazitoshi kujenga nyumba mpya. Zitumikeje?

Kwanza wazee wenyewe waitwe, na kikao kiwe mchana, karibu na wanakokaa. Kijiji kinapaswa kuwa na Baraza la Wazee. Litumieni. Lakini angalieni: anayefika barazani ni mzee mwenye miguu. Yule mnayemtafuta yuko nyumbani amelala. Kwa hiyo watu wawili, mwanamke na mwanamume, wapite nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali machache tu. Unalala na nani? Mlango unafungwa? Ulianguka lini mara ya mwisho, na wapi? Kuni unapata wapi? Nani alikutembelea jana?

Swali la mwisho lisiachwe. Mzee akijibu "hakuna" kwa siku tatu, huyo awe wa kwanza kwenye orodha.

Nguvu itoke kwa wananchi: udongo, nguzo, mawe, maji, na siku moja ya kazi kwa wiki. Fedha zinunue visivyopatikana shambani, yaani bawaba, makomeo, misumari, saruji ya kizingiti, taa za jua, na bati mbili tatu za kuziba pale panapovuja. Kila stakabadhi ibandikwe kwenye ubao wa kijiji, ili mwenye kusoma amsomee asiyesoma. Mimi ningekataa kabisa fungu la soda na posho za vikao. Nimeona soda zikinywewa na mlango ukabaki bila komeo.

Kama nyumba ya mzee imefichwa ndani ya migomba, ombeni ruhusa yake mpunguze migomba michache mpaka mlango wake uonekane kutoka kwa jirani. Mpeni filimbi. Wapangeni majirani wawili ambao wakisikia filimbi watatoka, na wajulikane kwa majina. Mzee akitishwa, mtendaji wa kijiji na polisi waambiwe siku ile ile. Msiseme ni mambo ya kifamilia.

Nasi wa zahanati tunao wajibu. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilisema kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Mkumbushe mtendaji juu ya kitambulisho cha mzee, na uulize zahanati utaratibu ulivyo sasa. Mmeona pia tangazo ukutani linalosema mzee apishwe apate huduma kwanza. Mzee akisimama kwenye foleni na kijana amekaa, semeni. Msituonee haya sisi wenye makoti meupe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chenu ni wazee wangapi wanalala peke yao au na watoto wadogo tu? Andikeni hesabu.

2. Ni nani kati yao ana macho mekundu? Anapikia wapi, na kuni za aina gani?

3. Mtu akisema mbele yenu kwamba bibi fulani ni mchawi kwa sababu ya macho yake, mtamjibuje? Mmoja awe msemaji, mwingine ajibu. Jaribuni hapo hapo darasani.

4. Nani ataleta udongo wa kichuguu Jumamosi, na mtaanza na jiko la nani?